Kompyuta za kafe zinazochafuliwa na wateja

Ndugu mwenye kafe ya intaneti, kupiga Windows upya kila wiki eti kwa sababu wateja wameacha virusi vya flashi na akaunti zao wazi ni kujitesa. Weka Deep Freeze, programu ya kampuni ya Faronics inayogandisha mashine, yaani kuishikilia ibaki kama ulivyoiacha: mashine ikizimwa na kuwashwa, lolote alilofanya mteja limefutika. Ni ya kulipia. Mfuko ukigoma, angalia Reboot Restore Rx, programu ya aina hiyohiyo iliyowahi kuwa na toleo la bure.

Kabla ya kugandisha, safisha mashine, weka printa, sasisha Windows. Ukigandisha na kirusi ndani, kitarudi kila asubuhi.

Kinachowaliza wengi ni faili. Mtu anachapa CV saa nzima, umeme unakatika, kazi yote imekwenda. Tenga diski D isiyogandishwa, ila uifute kila usiku (watu huacha hata picha za vitambulisho humo!), na ubandike tangazo mezani: "Hifadhi kwenye flashi yako." Washa upya kila mteja anapoondoka, maana kirusi huweza kuiba nywila kabla mashine haijazimwa.

Masasisho nayo hufutika. Yeyusha mashine (zima kule kugandisha) usiku mmoja kila mwezi uyaingize, kisha igandishe tena. Ile ya kaunta yenye hesabu usiiguse bila fundi na nakala ya data.