Hakuniuliza Tarehe

Alhamisi iliyopita nilipokea barua niliyoingojea kwa miezi 19. Niliisoma nimesimama mlangoni, mkoba bado begani, nikaisoma tena jikoni, kisha nikampigia mama akiwa kibandani kwake Gikomba katikati ya watu wanaochagua sweta. Baraza linalozipa zahanati leseni limesema zahanati iliyonitibu ilikosea. Limesema kwa maandishi na mhuri. Mama alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, sasa kula kitu, mwanangu."

Nilipotaja habari hiyo hapa, jumbe zikamiminika. Mmoja ni wa dada wa Umoja, rekodi tatu za sauti, jumla dakika 11, kuhusu hospitali iliyokosea ugonjwa wa mumewe. Dada, nimekusikiliza mara mbili hadi mwisho. Haya ninayoandika ni yako, lakini najua wengi wenu mna hamu ileile iliyonisukuma mimi: kumwona mtu aliyewapuuza akiketi mahali na kujibu maswali.

Kwangu ilianza Jumatatu, maumivu chini ya tumbo upande wa kushoto. Hayakuwa yale ya kila mwezi. Yalikuwa kama mtu ananifinya kwa ndani, anaachilia, anafinya tena. Zahanati iko dakika tano kutoka kwangu, ghorofa ya kwanza juu ya duka la dawa, na mtaa mzima unamwita yule bwana "daktari". Aliniuliza kama mkojo unachoma. Nikasema kidogo. Akauliza nakunywa maji ya wapi. Akaniandikia vipimo viwili, mkojo na damu, na baada ya dakika 20 akarudi na jibu ambalo nadhani kila mkazi wa Nairobi amewahi kupewa: una UTI na taifodi. Sindano moja, vidonge vya aina tatu, shilingi 2,300 kwa M-Pesa.

Jumatano nikarudi. Safari hii kulikuwa na matone ya damu, na nilimwambia. Narudia kwa sababu kesi yangu yote imesimama hapo: nilimwambia kuna damu. Akasema dawa kali huvuruga siku za mwanamke. Akanibadilishia vidonge, akaviweka kwenye bahasha ndogo ya kaki, akaandika tarehe na "2x3". Hakunigusa tumbo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuficha kitu, na kilikaribia kuniumbua vilevile.

Ijumaa jioni nilikuwa nakata sukuma. Bega la kulia likaanza kuniuma, maumivu ya ajabu yanayochoma kila nikivuta pumzi, nikadhani nimelilalia vibaya. Halafu kisu kikaanguka. Nakumbuka ubaridi wa saruji shavuni na vipande vya sukuma karibu kabisa na jicho langu, vikubwa kama majani ya mgomba.

Baba watoto akatafuta teksi. Hospitali ya kwanza ilitaka amana kwanza. Hiyo nitaiandikia siku yake, ila jueni kwamba Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inarudia hivyo hivyo. Tukaenda hospitali ya umma. Daktari aliyenipokea alikuwa binti bado yuko mafunzoni, macho mekundu kwa kukesha, na kabla sijalazwa vizuri kwenye kitanda chenye magurudumu akaniuliza, "Mara ya mwisho uliona siku zako lini?"

Nikahesabu. Wiki saba.

Akachovya kijiti kwenye mkojo. Mistari miwili. Mimba ilikuwa imejishika kwenye mrija badala ya mfuko wa uzazi, na mrija ulikuwa umepasuka. Bega lile liliuma kwa sababu damu iliyojaa tumboni huchokoza kiwambo, ule msuli ulio kati ya tumbo na kifua, na neva zake hupeleka maumivu juu. Niliamka na damu ya watu nisiowajua mwilini, mshono, na mrija mmoja badala ya miwili.

Kijiti kile kinauzwa katika duka la dawa lililo chini ya zahanati ile ile, kwa pesa zisizofika nauli ya kwenda mjini na kurudi. Na mkojo wangu alikuwa nao tangu Jumatatu.

Sasa nikiri upumbavu wangu. Mwaka mzima na zaidi niliupoteza kwa kusimulia. Nilisimulia kanisani, chamani, saluni, kwenye matatu. Kila mtu alisema "washtaki!" nami nikajiona kama nimeshashtaki. Siku nilipopanda ngazi hadi ofisi ya wakili (lifti mbovu, ghorofa ya sita, na mshono bado unanivuta) nilimwaga yote kwa nusu saa nikilia. Akanisogezea karatasi za kufutia machozi, akasubiri, akauliza swali moja: "Stakabadhi ziko wapi?"

Huyo mama wakili ndiye aliyenifundisha ninachowapa leo. Kwanza, daktari kukosa kuugundua ugonjwa, peke yake, si kosa mbele ya sheria. Nilikasirika niliposikia hivyo. Alinieleza kesi ya Uingereza ya 1957, ya mgonjwa aliyeitwa Bolam, aliyevunjika mifupa akipewa tiba ya umeme bila dawa ya kulegeza misuli. Kipimo kilichotoka pale, ambacho mahakama zetu hukitumia mpaka leo, ni hiki: je, alichofanya daktari kingekubaliwa na kundi la wenzake wanaoheshimika katika kazi hiyo? Bolam mwenyewe alishindwa. Usiku ule sikulala. Baadaye, mwaka wa 1997, katika kesi ya Bolitho, majaji wa huko wakaongeza kwamba maoni ya hao wenzake lazima yaingie akilini, haitoshi madaktari kadhaa kuja kusema "hata sisi hufanya hivyo."

Kwa hiyo kulaumu kwamba "hakujua nina nini" hakukunifikisha popote. Swali likawa: mwanamke mwenye umri wa kuzaa anapokuja na maumivu ya tumbo na damu, mhudumu yeyote makini angeacha kumuuliza tarehe ya hedhi na kupima mimba? Hapo nikapata pa kushika. Ilibidi apatikane daktari wa wanawake aliyekubali kuliandika hilo na kutia sahihi. Watatu walikataa. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba Nairobi ni ndogo. Wa nne alikubali, na namwombea mema kila siku.

Kisha lipo suala la kisababishi, neno nililolichukia: je, kosa lao ndilo lililoniletea madhara? Upande wa pili ulisema mimba ilikuwa mrijani hata kabla sijapanda ngazi zao. Si wao walioiweka huko. Kweli. Lakini ingegunduliwa Jumatatu, kabla ya kupasuka, kulikuwa na njia nyingine, pengine dawa, pengine upasuaji mdogo. Hiyo tofauti kati ya Jumatatu na Ijumaa ndiyo ninayodai. Mengine ni majaliwa ya Mungu na siwadai wao.

Faili nililiomba wakakataa, wakasema ni mali ya zahanati. Usikubali jibu hilo. Karatasi ni yao, habari zilizomo ni zako. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa mtu mwingine kama unazihitaji kulinda haki yako, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuruhusu kuona rekodi zinazokuhusu. Barua ya wakili ilipoenda, nakala ikaja. Kurasa mbili. Juu kabisa kuna visanduku vilivyochapishwa: umri, uzito, presha, tarehe ya hedhi ya mwisho. Umri amejaza. Uzito amejaza. Presha amejaza. Kisanduku cha nne kiko wazi, cheupe, hata alama ya kalamu hakuna. Fomu yao wenyewe iliuliza swali ambalo yeye hakuniuliza.

Na Jumatano haikuwemo. Kwa mujibu wa faili lao nilikwenda mara moja tu. Nusura nipige mayowe. Wakili akaniambia nifungue simu. Ujumbe wa M-Pesa ulikuwa pale: shilingi 900, Jumatano, saa kumi na dakika 42 jioni, jina lao. Na kwenye mkebe wa biskuti ninamoweka vyeti vya watoto mlikuwa na bahasha ya kaki, vidonge vinne bado ndani, mwandiko wake, tarehe yake. Kwa nini niliiweka sijui hadi leo. Mama huwa hatupi bahasha.

Jambo jingine lililonishangaza: "daktari" wetu si daktari. Ni afisa wa kliniki, yaani mhudumu aliyesomea kutibu bila shahada ya udaktari, mwenye leseni halali, sikatai, na wapo wengi walio hodari kuliko madaktari. Ila wana baraza lao na sheria yao ya 2017. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, linashughulikia madaktari, na pia ndilo linalozipa hospitali na zahanati leseni. Basi nikaandika barua mbili: ya mhudumu kwa baraza lake, ya zahanati kwa KMPDC, kule Woodlands Road karibu na Lenana Road. Barua ya Alhamisi ni ya zahanati. Yake yeye bado. Kabla ya kuandika lolote, fahamu kwanza aliyekutibu ni nani. Madaktari unaweza kuwatafuta kwenye orodha iliyo katika tovuti ya KMPDC.

Miezi ya kusubiri nairuka, haina ladha. Nitasema tu siku ya kusikizwa barazani. Wakili wao, suti ya buluu, aliniuliza kwa upole kama mimi mwenyewe, mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, sikujua kwamba nina mimba. Nikamjibu, "Ningejua, nisingemlipa mtu shilingi 2,300 aniambie nina taifodi." Mmoja wa waliokuwa mezani aliinamisha kichwa na kuandika. Mimi, binti wa muuza mitumba, niliyeishia kidato cha nne. Nitajisifu, mnivumilie.

Lakini sikilizeni, na hapa sicheki. Baraza kazi yake ni nidhamu: kuonya, kusimamisha leseni, kufuta jina. Fidia inatafutwa mahakamani, na saa ya mahakama haisimami eti kwa sababu una malalamiko barazani. Madai ya uzembe yana miaka mitatu. Ukiishtaki Serikali, miezi 12 tu. Kuna mlango mdogo wa kuomba kuongezewa muda kama hukuweza kujua ukweli mapema, lakini usijenge nyumba kwenye mlango huo. Mimi nilitaka kungoja barua kwanza, nikiogopa gharama. Wakili akakataa kata kata, tukafungua kesi Milimani tangu Machi. Miaka yangu mitatu inaisha mwezi ujao. Pia msitishwe na jina la Mahakama Kuu. Si lazima uanzie huko: hakimu mkuu, wa mahakama ya chini yake, anaweza kusikiza madai ya hadi shilingi milioni 20. Kesi inaendelea, kwa hiyo ninyamaze hapo.

Wanawake wenzangu, acheni kuona haya kutaja damu. Taja, na utazame kama anaandika. Asipoandika, mwambie aandike. Kina baba, mnaposindikiza wake zenu msikae nje mkichezea simu. Ingieni, msikie kinachoulizwa na kisichoulizwa. Weka risiti. Weka bahasha. Usifute jumbe za M-Pesa hata simu ikilia kwamba imejaa. Nimesema hayo kwenye chama chetu mpaka wenzangu wameanza kuniita Bahasha, na sioni ubaya.

Sasa dada wa Umoja. Umenieleza mengi: muuguzi alivyokujibu, jinsi mumeo alivyokonda, kile kikohozi walichokiita baridi ya Julai mpaka picha ya kifua ikaonyesha kingine. Umenieleza hata rangi ya kiti ulichokalia. Katika dakika zote 11 hujataja ni Julai ya mwaka gani. Hospitali umesema ni ya umma. Usinitumie sauti nyingine. Niandikie tarehe, leo, hata kama ni usiku.