Vihisi vya joto kwenye chumba cha baridi, Kibirizi

Kaka, umeuliza kama vihisi vya joto vya chumba chako cha kugandishia samaki aina ya migebuka pale Kibirizi, Kigoma, vinaweza kutuma vipimo kwenye wingu, yaani kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, bila mtu mbaya kuvichezea. Vinaweza, ila usianze na wingu.

Mtandao ukikatika saa nane usiku, kifaa kisicho na kumbukumbu yake kitapoteza vipimo vyote vya usiku ule, na samaki wanatakiwa wabaki nyuzi -18. Weka kadi ya kumbukumbu, kila kipimo kiandikwe na saa yake, kitumwe mtandao ukirudi. King'ora kilie palepale, kisingoje seva iliyo ng'ambo. Na betri ya akiba, tafadhali.

Nenosiri la kiwandani libadilishe siku ileile ya kufunga. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno duniani kwa kujaribu tu nenosiri za kiwandani. Ukitumia MQTT, itifaki ya vifaa kutumiana ujumbe, pitia mlango wa mtandao (port) 8883 wenye usimbaji wa TLS unaoficha data njiani, siyo 1883 ulio wazi. Kila kifaa kiwe na ufunguo wake wa kidijitali, kikiibwa unakifuta hicho tu.

Jambo moja nakusihi: usiruhusu kompresa izimwe kutoka mtandaoni. Kusoma joto ni tofauti na kushika swichi. Akiingia mtu mbaya, mzigo wa wavuvi wengi unaoza. Kusanya vipimo vya mwezi mzima kwanza, uone joto hupanda kiasi gani mlango wa chumba ukifunguliwa, ndipo upange king'ora kilie kwenye nyuzi ngapi.