Re: Windy (app ya hali ya hewa) inaonesha njia mbili za kimbunga, niamini ipi?

Waalaykum salaam sheikh. Unasema ramani moja inakipeleka kimbunga Mafia nyengine inakigeuza Msumbiji, na keshokutwa una safari ya boti kwenda Pemba. Ziwache zote kwanza, angalia taarifa ya TMA (mamlaka ya hali ya hewa Tanzania) halafu ya kituo cha vimbunga cha La Réunion, wale hutoa mpya kila baada ya saa 6, we tizama tu mstari wa njia ya kimbunga unasogea upande gani. Kimbunga Hidaya 2024 nilikesha na simu nasema hichi kinatujia Unguja, kikaenda kupigia Mafia, na Jobo 2021 ndo kilinyong'onyea kabla ya pwani. Nabahatisha hichi kitabaki kusini, lakini boti usipande, bahari huchafuka hata kikiwa mbali, wallahi nshatapika vya kutosha mkondo wa Nungwi.