Maswali ya Wasomaji: Biolojia Inayofanywa kwa Hesabu

SWALI: Mwalimu, salaam aleikum. Binti yangu yumo mwaka wa mwisho chuo kikuu. Anasema utafiti wake ni wa biolojia, lakini tangu Januari sijamwona akivaa koti la maabara. Yeye ni kompyuta mchana kutwa, na ukimchungulia unaona hesabu tupu. Nimwulizapo hunijibu kuwa anatengeneza modeli ya seli. Je, hiyo ni biolojia, au nimelipia karo ya hesabu?
— Mama wa Likoni

JIBU: Waleikum salaam, mama. Karo yako haijapotea. Anachokifanya huitwa biolojia ya mifumo, nayo huchunguza jinsi jeni, protini, vimeng'enya na seli zinavyoathiriana zikiwa pamoja, kwa sababu kuzijua moja moja hakutoshi kueleza zitakavyotenda kwa jumla. Modeli ni dhana ya mtafiti iliyoandikwa kwa milinganyo badala ya maneno, na milinganyo haina huruma: ukisema protini fulani huizuia nyingine, hesabu itakudai useme huizuia kwa kiasi gani na kwa kasi gani.

Mfano mzuri kuliko yote unauzwa sokoni kwetu, nao ni ngisi. Ana uzi wa neva mnene kiasi cha kuonekana kwa macho, na kwa kuupima Waingereza Hodgkin na Huxley walichapisha mwaka 1952 milinganyo inayoeleza jinsi sodiamu inavyoingia na potasiamu inavyotoka pale neva inapopitisha umeme. Milinganyo yao ilidokeza kuwa utando wa seli una kitu kama malango, ambayo wakati huo hakuna aliyekuwa ameyapima moja moja; ilibidi kungoja hadi mwaka 1976, Wajerumani Neher na Sakmann walipofanikiwa kupima mkondo wa umeme unaopita katika lango moja, yaani tundu moja la utando wa msuli wa chura. Hesabu, basi, ilitangulia, lakini ilitangulia ikiwa imebeba vipimo vya maabara mgongoni. Kwa hiyo usimwulize binti yako koti liko wapi. Mwulize data yake imetoka wapi, nani aliipima na kwa njia gani. Mtahini naye atamwuliza hayo hayo.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Natengeneza modeli ya kuongezeka kwa vimelea vya malaria katika damu. Mstari wangu unapita juu ya nukta zote za data bila kukosea, lakini msimamizi ameikataa kazi akisema kuwa parameta zangu mbili, yaani namba za kasi ninazozikadiria, ya kuzaliana na ya kufa kwa vimelea, hazitambuliki. Ikiwa modeli inalingana na data, kosa liko wapi?
— Mwanafunzi, Tudor

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako amesema kweli, na kosa lako wamelifanya wengi wenye shahada kubwa kuliko yako. Mchukue muuza viazi karai ambaye droo yake huzidi shilingi 500 kila jioni. Huenda ameuza za 2,000 akatumia 1,500. Huenda ameuza za 900 akatumia 400. Ukiitazama droo peke yake hutajua kamwe, hata uihesabu kwa mwaka mzima, kwa kuwa droo inaonyesha tofauti tu. Hiyo ndiyo maana ya parameta kutotambulika. Idadi ya vimelea katika damu ndiyo droo yako: kasi ya kuzaliana ukiipandisha na kasi ya kufa ukaipandisha kwa kiasi hicho hicho, mstari haubanduki palepale ulipo. Isitoshe, vimelea vya Plasmodium falciparum vilivyokomaa hujishikiza kwenye kuta za mishipa midogo, hivyo tone linalowekwa chini ya hadubini huonyesha zaidi vile vichanga. Droo yenyewe, kwa maneno mengine, ina sehemu iliyofichwa.

Njia ya kutoka ni kuuvuruga mfumo. Mzuie muuzaji asiuze siku moja, nawe utaona matumizi yake waziwazi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa virusi vya UKIMWI, ambavyo idadi yake katika damu hukaa karibu palepale kwa miaka, hata ikadhaniwa kuwa vimelala. Mwaka 1995 watafiti David Ho, Alan Perelson na wenzao walichapisha vipimo vya wagonjwa waliopewa dawa inayozuia uzalishaji wa virusi vyenye uwezo wa kuambukiza. Idadi iliporomoka kwa siku chache, na kutokana na mwendo wa kuporomoka huko iliwezekana kukokotoa kasi ya kuondolewa kwa virusi. Makadirio yaliyofuata mwaka 1996 yalikuwa virusi takriban bilioni 10 vinavyozalishwa kwa siku katika mwili wa mgonjwa. Ule utulivu ulikuwa vita vya usiku na mchana.

Kama huna data ya wagonjwa waliotibiwa, iweke parameta moja kutokana na vipimo huru: mzunguko wa kimelea hiki ndani ya chembe nyekundu ni wa saa 48 hivi, na chembe moja ikipasuka hutoa vimelea vichanga kati ya 8 na 32. Kisha ficha sehemu ya data yako, uikadirie modeli kwa iliyobaki, uone kama itaibashiri ile uliyoificha. Parameta ziandike kama masafa ya thamani zinazokubalika, usiandike namba moja yenye desimali nne. Mimi binafsi nikiona desimali nne katika kazi ya namna hii huanza kuwa na shaka.

SWALI: Je, nihitaji kompyuta ya bei ghali kuanza kazi hizi?
— Msomaji, Kisauni

JIBU: La. Huxley aliikokotoa ile milinganyo ya ngisi kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono, kwa kuwa kompyuta ya Cambridge ilikuwa haifanyi kazi wakati huo. Laptopu ya kawaida inatosha, na programu kama COPASI na R hazilipiwi. Anza kwa kupakua modeli iliyokwisha kuchapishwa kutoka BioModels, hifadhi ya modeli iliyo mtandaoni, uiendeshe, na ujaribu kuupata upya mchoro wa waandishi wenyewe kabla hujabadilisha chochote.