Siku nne Mombasa: anzia Ngomeni

Dada, umeuliza kama siku nne na watoto zinatosha Mombasa, na kama kuna cha kuona zaidi ya ufuo. Zinatosha, ila usizimalize zote kwenye ufuo wa Diani.

Siku ya kwanza nenda ngome ya Fort Jesus asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali. Wareno walianza kuijenga 1593. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698, na waliokuwa ndani waliisha kwa njaa na maradhi. Waambie watoto habari hiyo mkiwa juu ya kuta zenyewe, bahari ikiwa chini yenu; hawataisahau. Lakini tafadhali wasidhani mji ulianza na Wareno. Ibn Battuta alipita hapa 1331, akakuta Waislamu wacha Mungu na misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Wenyeji waliuita Mvita, na mashairi ya Muyaka, malenga wake wa zamani, bado yanapumua humo.

Kutoka ngomeni ingieni Mji wa Kale kwa miguu. Tazameni milango ya nakshi, mpite Msikiti wa Mandhry, mvae nguo za heshima, na muombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Mahamri na mbaazi mle hukohuko, si hotelini.

Diani iko ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Jioni foleni ya magari huwa ndefu mno, kwa hiyo vukeni asubuhi.