Maswali na Majibu: Je, milioni 18 zitanitosha nikistaafu riadha?

SWALI: Mimi ni mkimbiaji wa marathon mwenye umri wa miaka 34, na ninafanyia mazoezi Ngong. Kocha wangu anaona nimebakisha misimu miwili ya ushindani wa maana. Nina shilingi milioni 18 katika benki moja, ploti Ruiru yenye hatimiliki, na nyingine Kitengela ambayo kaka yangu aliisajili kwa jina lake kwa kuwa wakati huo nilikuwa mashindanoni ng'ambo. Matumizi ya nyumbani, karo za wadogo zangu na misaada kwa jamaa huchukua kama shilingi 210,000 kwa mwezi. Pia nimemdhamini binamu yangu mkopo katika Sacco. Nimeshauriwa nijenge vyumba 12 vya kupangisha kule Ruiru kwa milioni 11, na zitakazobaki nizitie kwenye matatu. Je, fedha hizi zitanitosha, na nizipange vipi?

JIBU: Dada, kabla ya kuuliza fedha hizo ziwekwe wapi, tujue kwanza zinaweza kukulipa kiasi gani kila mwezi, kwa sababu unastaafu katika umri ambao wenzako wa rika moja walioajiriwa ndio kwanza wanapandishwa vyeo, na fedha za miaka michache ya mbio zitalazimika kukufikisha uzeeni. Tuchukulie kwamba uwekezaji wako, baada ya kodi, unazaa asilimia 4 kwa mwaka juu ya mfumuko wa bei, kiwango ambacho si cha tamaa wala cha woga. Ukiendelea kutumia 210,000 kwa mwezi kwa thamani ya shilingi ya leo, milioni 18 zitakwisha baada ya miaka minane na nusu hivi, yaani utakuwa na umri wa miaka 43 tu. Ukitaka zidumu miaka 30, unaweza kuchukua takriban 86,000 kwa mwezi. Ukitaka zisipungue kabisa, chukua 60,000. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba hazitoshi kwa matumizi ya sasa, lakini zinaweza kutosha kwa mpango mwingine, hasa ikiwa misimu miwili iliyobaki itaongeza kitu na wewe mwenyewe utapata kazi nyingine baadaye, iwe ni ukocha au biashara unayoijua.

Usidhani kwamba tatizo hili ni la wenye kipato kidogo. Mike Tyson aliomba mahakama imtangaze muflisi mwaka 2003, ingawa inakadiriwa kwamba ngumi zilimwingizia zaidi ya dola milioni 300. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015 kuhusu wachezaji wa ligi yao ya kandanda ya Kimarekani, NFL, ulionyesha kwamba takriban asilimia 16 walikuwa wameomba ulinzi wa sheria ya muflisi ndani ya miaka 12 baada ya kustaafu, na kwamba waliolipwa zaidi au waliocheza kwa muda mrefu hawakuwa na kinga kubwa kuliko wengine. Takwimu inayorudiwa sana redioni na mitandaoni, ya asilimia 78, inachanganya waliofilisika na waliokuwa na shida za fedha tu, kwa hiyo mimi siitumii.

Jambo lingine ni pengo kati ya fedha zinazotangazwa na zile zinazokufikia. Mshindi wa marathon ya Boston, Marekani, katika miaka ya karibuni amekuwa akitangaziwa dola 150,000, ambazo kwa shilingi 129 kwa dola ni zaidi ya milioni 19, na hiyo ndiyo hesabu ambayo jamaa huibeba vichwani. Lakini mwanariadha asiye mkazi wa Marekani hukatwa kodi ya asilimia 30 papo hapo, na wakala kwa kawaida huchukua asilimia 15. Zinabaki dola 82,500, kama milioni 10.6, kabla ya kocha, mtaalamu wa viungo na wenzako wa mazoezi kupata chao. Ikiwa umewahi kukatwa kodi hiyo, mwombe wakala wako hati za makato na umtafute mtaalamu wa kodi, kwa kuwa mwanariadha anaweza kuwasilisha ritani Marekani, akaeleza gharama zake na kudai kilichokatwa kupita kiasi, na muda wa kudai kwa kawaida ni miaka mitatu. Hati hizo hizo utazihitaji pia kwa hesabu zako na KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya.

Sasa tugeukie misaada. Sikuambii uwaache wadogo zako, maana karo ina mwisho unaojulikana na inaweza kupangwa. Kinachomaliza akiba ni misaada isiyo na kiwango, ile inayoombwa kwa simu jioni na kutumwa kwa M-Pesa kabla ya kufikiriwa. Tenga kiasi maalumu cha mwezi, kiwekwe kwenye akaunti yake, na kikiisha uwaambie jamaa wasubiri mwezi ujao. Jumla ya matumizi yako ishuke hadi 120,000 mapema, wakati bado unashindana, ili mabadiliko yasije siku moja na kustaafu.

Kuhusu benki, bima ya amana nchini hulipa hadi shilingi 500,000 kwa mteja katika kila benki, hata kama alikuwa na milioni 18. Sisemi benki yako ina shida yoyote. Hata hivyo, wenye amana katika benki za Imperial, mwaka 2015, na Chase, mwaka 2016, hawakuonywa mapema kabla ya benki hizo kufungwa. Weka matumizi ya mwaka mmoja katika mfuko wa soko la fedha ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na takriban nusu ya fedha zako katika bondi za serikali za muda tofauti. Utazinunua mwenyewe kupitia mfumo wa Benki Kuu uitwao DhowCSD, bila dalali.

Vyumba vya Ruiru si wazo baya. Tuseme kila chumba ni 8,000 kwa mwezi, na kwa wastani kimoja kati ya kumi kiko wazi: utapata kama 1,037,000 kwa mwaka. Toa kodi ya pango ya asilimia 7.5, kisha toa asilimia 20 ya mapato hayo hayo kwa ajili ya msimamizi, maji na ukarabati, na utabaki na kama 752,000, yaani 62,600 kwa mwezi, au karibu asilimia 7 ya mtaji. Pango linaweza kupanda pamoja na bei, jambo ambalo bondi haifanyi. Hatari iko katika ujenzi wenyewe, kwa sababu jengo lililosimama kwenye linta halilipi chochote na huwezi kuuza nusu ukuta mtoto akiugua. Jenga vyumba sita kwanza, kwa makadirio ya mtaalamu asiye mjenzi wako, na awamu ya pili ingoje mapato ya misimu iliyobaki.

Ploti ya Kitengela ishughulikiwe mwezi huu. Fanya utafutaji rasmi katika msajili wa ardhi ujue ina deni au zuio gani, kisha wewe na kaka yako mwende kwa wakili mwandike kwamba fedha zilikuwa zako, na uhamisho uanze. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mijini na 2 mashambani. Ikiwa mambo yatachelewa, sheria inakuruhusu kuomba zuio kwenye rejista kama mwenye maslahi. Simshuku kaka yako hata kidogo. Lakini yeye akifariki, ploti hiyo itaingia katika mirathi yake, na utakuwa ukibishana na wifi yako na watoto wake.

Udhamini wa binamu una maana kwamba akiba yako ya Sacco inaweza kuzuiliwa hadi mkopo uishe, na asipolipa itachukuliwa. Mwombe atafute mdhamini mbadala, na Sacco ithibitishe kwa maandishi.

Matatu, kwa kifupi, uiache. Ni biashara ya mtu aliye stejini kila siku, anayejua dereva ameleta nini na gari limelala wapi, na misimu hii miwili wewe utakuwa barabarani kwa miguu yako.