Je, chuo kikuu kimkaribishe kiongozi anayepingwa?

Swali: Mhariri, shikamoo. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilimwalika Rais wa Iran, Mahmoud Ahmadinejad, aliyekuwa ametilia shaka mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi. Je, huko si kumpa heshima asiyostahili? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba. Hofu yako ina msingi, lakini naamini chuo hakikukosea. Tarehe 24 Septemba, Lee Bollinger, mkuu wa chuo na mtaalamu wa sheria za uhuru wa kusema, alimwambia mgeni wake waziwazi, mbele ya ukumbi uliojaa, kwamba ana dalili zote za dikteta mdogo na katili. Baadaye hadhira ikamhoji, naye alipodai kwamba Iran haina mashoga kama Marekani, ukumbi uliangua kicheko. Kinachonisumbua ni mapokezi yenyewe: Ahmadinejad alilalamika kwamba kwao mgeni hatangulizwi kwa shutuma, na sisi tuliolelewa kumstahi mgeni tunamwelewa. Ningemwacha aseme kwanza, ndipo nimbane kwa maswali. Katiba ya Marekani inaizuia serikali kuwanyamazisha watu, lakini haikilazimishi chuo binafsi kumwalika yeyote. Uamuzi ulikuwa wa Columbia, na waliosimama nje na mabango ya kuupinga walikuwa wakitumia uhuru uleule.